Umeme wa maskani kwenye Project Zomboid: hesabu petroli kabla ya jenereta

Karibu kila mgeni ninayecheza naye Project Zomboid huniuliza jenereta inapatikana wapi. Mimi humuuliza kwanza petroli ataitoa wapi, na anataka umeme wa kufanyia nini. Jenereta kwenye mchezo huu zipo: kwenye maghala, gereji, mabanda ya uani na vyumba vya kukodi vya kuhifadhia mizigo. Ukizunguka vya kutosha utaipata. Kinachosumbua ni mafuta. Maskani nyingi nilizoziona zikirudi gizani zilikuwa na jenereta nzima kabisa, imekaa uani, tangi kavu.

Kwa asiyeujua mchezo: umetengenezwa na The Indie Stone, studio ya Uingereza, na unachezwa kwenye eneo la kubuni la jimbo la Kentucky, Marekani, kuanzia Julai 1993. Kuna Muldraugh, West Point, Rosewood, Riverside na jiji la Louisville, na kote huko mazombi wamejaa. Ninayoandika hapa yanatoka kwenye toleo la 41, lililokamilika Desemba 2021 na ambalo wengi bado tunalicheza. Toleo la 42 lilianza kutolewa kwa majaribio Desemba 2024, na ukiwa huko utakuta baadhi ya mambo yamebadilishwa.

Unapoanza, umeme wa mji bado unawaka. Kwa mipangilio ya kawaida utakatika siku yoyote kati ya ya 0 na ya 30, na maji nayo yana siku yake. Siku moja unabonyeza swichi, kimya. Kwa hiyo siku za mwanzo zina kazi yake, na hapa ndipo naona watu wanapoteza muda kwa kuhangaikia mbao za kuziba madirisha huku pampu za sheli zikiwa bado zinatoa mafuta bila shida. Pampu zinaendeshwa na umeme. Wakati umeme wa mji upo, ingia sheli, jaza tangi la gari, jaza kila dumu la mafuta ulilonalo, nenda katafute madumu mengine, rudi ujaze tena. Petroli haiozi kwenye mchezo huu. Kila lita utakayoiweka stoo wiki ya kwanza ni lita ambayo hutapigana kwa ajili yake baadaye.

Jambo la pili la siku hizo ni jarida. Mhusika wako hawezi kuunganisha jenereta mpaka awe amesoma jarida liitwalo "How to Use Generators", isipokuwa kama ulimchagulia kazi ya fundi umeme tangu mwanzo. Jarida hilo hutokea kwenye maduka ya vitabu, maktaba, posta, visanduku vya barua na rafu za nyumba za watu. Tukiwa kundi, huwa nasisitiza mmoja wetu awe fundi umeme. Inaokoa msako mrefu, na mtu huyo baadaye ndiye atakayeitengeneza jenereta vizuri kuliko wengine, maana ukarabati wake unategemea ujuzi wa umeme.

Sasa tuje kwenye mzigo.

Jenereta inahudumia duara la miraba 20 kutoka pale ilipokaa, pamoja na ghorofa chache juu na chini. Haichagui nyumba. Chochote kinachotumia umeme ndani ya duara hilo kinakula mafuta yako, kiwe chako au cha jirani aliyekwishageuka zombi. Ukibofya jenereta kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua taarifa zake, utaona asilimia ya mafuta, hali ya mashine, na orodha ya vitu vinavyotumia umeme. Isome orodha hiyo kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Mara nyingi mtu ana friji moja jikoni kwake, lakini orodha inamwonyesha friji tatu au nne. Hizo nyingine ziko nyumba za pembeni, tupu, na zinakula masaa yote, kwa sababu friji na friza haina swichi ya kuzimia. Taa ukizima inatoka kwenye hesabu. Televisheni, redio, jiko na mashine ya kufulia navyo hivyo hivyo. Friji hapana, inahesabiwa mpaka uiondoe.

Ndiyo maana siweki jenereta katikati ya maskani. Naipeleka upande ulio mbali na nyumba za majirani, ili duara liguse jiko langu, chumba cha kulala na karakana, na nusu yake nyingine iangukie uwanja mtupu au msitu. Ikishawaka, nafungua orodha. Ikitokea friji nisiyoijua, naifuata ilipo na kuibeba, au naivunja kwa nyundo kubwa ya kubomolea. Halafu napita nyumba zote za ndani ya duara nikizima taa, maana zilizokuwa zinawaka siku umeme ulipokatika huwaka tena ukiurudisha. Kazi hiyo inachosha, inafanyika mara moja, na tofauti yake kwenye mafuta utaiona wiki hiyo hiyo.

Na ndani kwako mwenyewe, umeme ni wa nini? Kwa maoni yangu, kitu pekee kinachohalalisha jenereta kuwaka masaa ishirini na manne ni friza. Nyama ya mtego, samaki, mboga za shambani: vyote vinaoza haraka nje, polepole kwenye friji, na kwenye friza vinakaa muda mrefu sana. Kama unalima, unavua na unatega, friza moja iliyojaa ni akiba ya kukuvusha msimu wa baridi. Moja iliyojaa, nasema. Friza tatu zenye samaki wawili wawili ni kumwaga mafuta. Kama unaishi kwa vyakula vya makopo, huna cha kugandisha, basi huhitaji jenereta iwake mfululizo hata kidogo. Iwashe ukiwa na kazi, izime ukimaliza.

Kupika hakuhitaji jenereta. Jiko la umeme na maikrowevu vitakufa siku umeme ukikatika, lakini jiko la kizamani la kuni, sehemu ya moto ya sebuleni na jiko la nyama choma la mkaa vitafanya kazi miaka yote. Maji nayo hayana uhusiano na jenereta: tengeneza mapipa ya kukinga mvua, na ukiweka pipa juu ya sinki na kuliunganisha kwa spana ya mabomba, bomba litatoa maji bila hata tone la petroli. Mwanga wa uani unaweza kutoka kwenye nguzo yenye tochi. Ukivitoa hivi vyote kwenye mahesabu ya umeme, jenereta inabaki na kazi ndogo, na dumu moja linakwenda mbali.

Kuhusu mahali pa kuiweka kuna sheria isiyo na mjadala: nje. Jenereta ikiwaka ndani ya nyumba, moshi wake unamwumiza mhusika wako, na akiendelea kukaa humo anakufa. Wachezaji wengine huona kama mchezo umewaonea. Haujawaonea. Moshi wa jenereta una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na watu wa kweli hufa kwa kuwasha jenereta chumbani, kwenye korido au dukani wakiwa wamefunga milango. Sisi tuliokulia kwenye mgao wa umeme tunawajua watu wanaoficha jenereta ndani usiku kwa kuogopa wezi. Kama mchezo huu utakufundisha jambo moja la kuchukua nyumbani, naomba liwe hili. Iweke nje, mbali na dirisha, ifunge kwa mnyororo kama unaogopa wizi, lakini usilale nayo chumba kimoja.

Kwenye mchezo, kuiweka nje kuna gharama yake: kelele. Inanguruma, na mazombi wanaosikia wanaifuata. Uwanja uliozungushiwa uzio mrefu ndio mahali pake, na uzio huo uuzungukie kila asubuhi kabla hujaenda popote. Mimi napenda maskani pembezoni mwa mji, ambapo wanaokuja ni wawili watatu kwa siku. Katikati ya Louisville sikushauri, hata ukiwa na ukuta mzuri.

Mashine yenyewe inachakaa kadiri inavyowaka. Hali ikishuka chini ya nusu inaweza kugoma kuwaka, utabonyeza na kusikia inakohoa tu. Ikiachwa ichoke zaidi ya hapo, inaweza kushika moto au kulipuka, na moto kwenye Zomboid ukishika nyumba ya mbao umekwisha. Ukarabati unatumia mabaki ya elektroniki. Chukua bisibisi, fungua redio, saa za mkononi na televisheni, utapata mabaki na papo hapo ujuzi wako wa umeme unapanda. Kila zombi aliyevaa saa ya dijitali ni kipuri kinachotembea. Izime kabla ya kuitengeneza, na izime kabla ya kuongeza mafuta.

Safari ndefu nayo ina hesabu yake. Ukiondoka kwa siku kadhaa, jenereta inaendelea kula. Ukirudi, mchezo unakata mafuta ya masaa yote uliyokuwa mbali, na uchakavu wake pia. Kwa hiyo kabla ya kutoka, jaza tangi, zima kila taa, hakikisha hali ya mashine iko juu. Kama friza haina kitu cha maana, zima jenereta kabisa.

Siku itafika madumu ya stoo yataisha. Unaweza kunyonya mafuta kwenye magari yaliyoachwa barabarani, na kwa muda yatakutosha, hasa kwenye zile foleni ndefu za magari nje ya miji. Chanzo kikubwa bado ni pampu za sheli, ambazo sasa hazina umeme, na dawa yake ni jenereta ya pili. Ibebe mpaka sheli, ishushe karibu na pampu, iunganishe, iwashe, na pampu zitafanya kazi kama siku ya kwanza. Kwenye mipangilio ya Sandbox, yaani ile unayojipangia mwenyewe kabla ya kuanza mchezo, kuna kipengele kinachoruhusu jenereta kuhudumia vitu vilivyo nje ya majengo. Kwa kawaida kimewashwa. Ukiwa kwenye seva ya mtu, muulize mapema, kwa sababu kikizimwa, pampu hazitawaka hata uweke jenereta ngapi.

Kubeba jenereta ni shughuli yenyewe. Inashikwa kwa mikono miwili, ni nzito mno, unatembea kwa kujikokota na huwezi kupigana mpaka uitue. Leta gari mpaka mlangoni, fungua buti kwanza, safisha njia ya mazombi kwanza, ndipo uinue. Mkiwa wawili, mmoja abebe na mwenzake ashike shoka.

Nikishaifikisha sheli, siirudishi. Inabaki pale pale, imezimwa, na ndani yake naacha mafuta kidogo ya kuwashia. Hilo dogo ndilo linalosahaulika. Jenereta kavu haiwezi kuwasha pampu, na pampu isiyowaka haiwezi kuijaza jenereta. Pamoja na hayo, nyumbani naweka dumu moja ambalo haliguswi kwa gari wala kwa friza, ni la kuamshia sheli tu. Kwenye kundi letu dumu hilo lina sanduku lake, na kila mtu anajua.

Siku ya kwenda kujaza tunakwenda asubuhi, tunasafisha eneo lote kabla ya kuwasha, tunaegesha gari likiwa limeelekea barabarani. Jenereta ikishanguruma una muda mfupi kabla ya wageni kuanza kutokea, hivyo madumu yawe yamepangwa tayari. Jaza gari kwanza, madumu baadaye. Gari lenye mafuta ndilo litakalowatoa mambo yakiharibika, hata kama madumu yatabaki nusu. Mkimaliza, zimeni mashine, muondoke, msikae kupora duka la sheli hiyo wakati huo huo.

Kumbuka pia pampu hazina mafuta yasiyokwisha. Kila moja ina kiasi chake, na sheli ndogo ya kijijini itakauka mapema kuliko ile kubwa ya barabara kuu. Ndiyo maana nikichagua mahali pa kuishi, ramani naisoma kuanzia kwenye sheli: natafuta ambayo naweza kuifikia na kurudi mchana mmoja, na ya pili upande mwingine kwa ajili ya baadaye. Nyumba nzuri yenye ghorofa na ukuta iliyo mbali na sheli zote naiacha.

Mkicheza wengi kwenye seva moja, mpeni mtu mmoja kazi ya mafuta, na awe ndiye anayefungua ile orodha ya jenereta kila siku. Wachezaji sita wakiwa kila mmoja amewasha televisheni na taa ya chumbani kwake, hakuna akiba itakayotosha, na hakuna atakayejiona ndiye mwenye kosa. Mwenye kazi hiyo awe na ruhusa ya kuzima taa ya mtu yeyote bila kuulizwa.