Nyuki wanaingia mizingani wakati wa alizeti, kiangazi wanahama: jibu refu kidogo

Mkuu, umeuliza kwa nini mizinga uliyoweka kando ya shamba la alizeti huko Kongwa iliingiwa na nyuki Machi, na ilipofika Agosti ikawa mitupu. Mizinga yako haina kosa. Nyuki wamekosa malisho.

Alizeti iliyopandwa kwa mkupuo mmoja huchanua wiki mbili au tatu tu. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, na zikikatika nyuki hubaki na miti na magugu. Sasa kama shamba limelimwa hadi mpakani, migunga imeishia kwenye tanuru la mkaa na mbigiri umeziua kwa dawa ya magugu, nyuki atakula nini? Hutafuta chakula ndani ya kilomita mbili au tatu hivi. Wakikosa, huondoka pamoja na malkia wao.

Kagua mizoga ya nyuki kabla ya kuamua kama ni njaa au sumu. Ukikuta nyuki wamekufa vichwa vimezama ndani ya vitundu vya sega, hiyo ni njaa. Wakilundikana mlangoni ndimi zimechomoza, wengine bado na chavua miguuni, ni sumu. Mara nyingi ni dawa ya viwavijeshi iliyopigwa asubuhi kwenye mahindi yenye mbelewele, saa ambazo nyuki wanakusanya chavua. Mwombe jirani apige jua likizama. Ukisikia kwelea kwelea, wale ndege wanaokula nafaka, watapuliziwa dawa karibu, hamisha mizinga usiku kabla ya siku hiyo. Usiwafungie nyuki ndani mchana kutwa, joto litalainisha masega yawaangukie.

Migunga na mikwaju ya mpakani iache isimame, hiyo ndiyo akiba yako halisi. Alizeti panda kwa awamu mbili zilizopishana siku kumi. Ukichelewa zaidi, mvua itakukatia.

Kosa kubwa lingine ni kuvuna kila kitu. Kwenye mzinga wa viunzi vya juu (vipande vya mbao ambavyo nyuki hujengea masega), bakiza masega manne au matano ya asali, na usiguse yenye majana (watoto wa nyuki). Vuna yaliyofunikwa nta angalau robo tatu, na uyakamue mapema kwa sababu asali ya alizeti huganda upesi. Wateja hudhani imetiwa sukari, waelezeni.

Maji yawe karibu mwaka mzima: beseni lenye mawe au vijiti vya kutua, ukilijaza kila asubuhi. Likikauka siku chache tu, watazoea bomba la jirani na ugomvi utaanza.