Kabla hujanunua hiyo 280E ya Nyali

Ndugu, umeuliza kama ununue Mercedes 280E ya 1980 iliyoegeshwa Nyali, ufuoni Mombasa, miaka sita bila kuwashwa. Injini isikutishe, hofia kutu. Upepo wa chumvi huila bodi kutoka ndani. Beba sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango: isiponata, hapo pana puti, ile lipu ya kujazia bodi iliyoliwa na kutu. Inua kapeti za mbele, kisha chokoa kwa bisibisi sehemu za kuingizia jeki. Zikitoboka, ondoka, maana kuchomelea bodi ndiko kunakomaliza pesa.

Muuzaji asiiwashe kwa betri ya kuazima! Petroli iliyolala huacha gundi na kutu tangini. Ikivutwa, huziba kigawa mafuta cha K-Jetronic (mfumo wa gari hili wa kupuliza petroli kwenye injini), na hicho ni kipuri ghali. Mwaga petroli, badilisha filta, toa plagi zote 6, tia kijiko cha oili kila silinda, ilale usiku mmoja, ndipo uzungushe injini polepole kwa spana. Ikigoma usilazimishe, ita fundi wa injini.

Paipu za mpira za breki badilisha zote, hata zikionekana nzima, kwani huvimba kwa ndani. Na nambari ya chesisi isipolingana na logibuku, usitoe hata arubuni.