Jibu: Ericka Huggins alihukumiwa miaka mingapi?

Salaam ndugu. Naona umekwama kwenye insha yako juu ya Ericka Huggins, mwanaharakati wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, kwa sababu huipati hukumu yake. Usiitafute, hakuhukumiwa. Alikamatwa New Haven, Marekani, Mei 1969, akituhumiwa kuhusika na mauaji ya mwanachama mwenzao, miezi minne tu baada ya mumewe, John, kuuawa kwa risasi Los Angeles na kumwachia mtoto wa wiki tatu. Akakaa mahabusu takriban miaka miwili. Mwaka 1971 jopo la raia (jury) lililosikiliza kesi yao, yeye na Bobby Seale, mwanzilishi mwenza wa chama hicho, likashindwa kukubaliana. Jaji akafuta mashtaka.

Kwa mashairi yake, mimi ningeanza na Insights and Poems (1975), kitabu alichotoa pamoja na Huey Newton, mwanzilishi mwingine wa chama. Soma polepole, tarehe hizo zikiwa kichwani. Huko gerezani ndiko alikojifunza kutafakari kwa kutuliza akili (meditation), na baadaye akarudi magerezani kuwafundisha wengine. Hilo usiliache kwenye insha yako, tafadhali.