Van Bronckhorst baada ya kutundika daluga

Uliyeuliza Giovanni van Bronckhorst, yule beki wa zamani wa Uholanzi, alipotelea wapi baada ya kustaafu soka: hakupotea, yumo kwenye ukocha. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia 2010, akiwa nahodha wa Uholanzi, siku chache baada ya kuifunga Uruguay kwa lile kombora la mbali. Halafu akawa kocha msaidizi pale Feyenoord, klabu ya Uholanzi, akakabidhiwa timu 2015. Mwaka 2017 akawapa ubingwa wa ligi walioukosa tangu 1999, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko hata ile ya Rangers ya Scotland, aliowafikisha fainali ya Ligi ya Europa 2022 wakafa kwa matuta mbele ya Frankfurt. Miezi sita baadaye wakamtimua. Beşiktaş ya Uturuki nako hakudumu.