Usiiulize Nyumba, Muulize Jirani Yake: Kusoma Picha za Zamani za Mji Mkongwe

Picha ya kwanza ya zamani niliyoiweka Facebook ilinitia aibu. Ilikuwa ya pwani ya Forodhani, Unguja: jumba la Beit al-Ajaib, majahazi, na watu wenye kanzu wamesimama juani. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: "Zanzibar, kabla ya 1890." Haikupita saa moja, mzee mmoja wa Shangani akajibu: "Mwanangu, Ngome imehamia lini upande wa Mizingani? Na mnara huo wa saa umeota wapi?"

Makosa mawili katika mstari mmoja. Ukiwa baharini unaitazama Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe iko mkono wako wa kulia na kasri ya Beit al-Sahel mkono wa kushoto. Katika picha yangu vilikuwa vimebadilishana, kwa sababu aliyeisafisha aliiweka negativu ya kioo kinyumenyume. Na mnara wa saa uliobandikwa mbele ya jumba haukuwepo kabla ya vita vya 1896. Nilikuwa nimelikodolea macho jumba lenyewe, nikasahau kutazama kilichokuwa pembeni yake.

Tangu siku ile nimekaa miaka kadhaa nikifuatilia picha, nyingi kwa ajili ya nyumba moja tu, ya ukoo wetu, iliyopo mtaa wa Malindi hapa hapa Mji Mkongwe. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa kuambiwa na mtu siku ile kabla sijajifedhehesha.

Jambo la kwanza: nyumba haijui tarehe yake. Nyumba ya mawe na chokaa ikipakwa rangi inarudi ujana, ikiachwa misimu miwili ya masika inakuwa ajuza. Nimeona nyumba ya juzi nikaidhania ya enzi za Sultani Sayyid Said. Anayejua tarehe ni jirani. Kwa hiyo tafuta ndani ya picha kitu ambacho kuzaliwa kwake au kufa kwake kunajulikana, kisha anzia hapo.

Sisi wa Unguja tumebahatika, maana pwani yetu ina mashahidi wa aina hiyo kadhaa, na mkubwa wao ni hiyo hiyo Beit al-Ajaib. Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883. Kwa hiyo picha ya pwani isiyo na jumba hilo ni ya kabla ya hapo. Ukiliona jumba, lakini uso wake hauna mnara, na mnara mwingine umesimama peke yake mbele yake karibu na maji, hapo uko kati ya 1883 na Agosti 1896. Tarehe 27 Agosti mwaka ule manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kasri, vita vikaisha kabla chai haijapoa. Mnara ule wa pekee ukaharibika, na Beit al-Hukm, iliyokuwa katikati ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel, ikabomoka. Baadaye mnara wa saa ukaungwa na uso wa Beit al-Ajaib, na pale penye Beit al-Hukm pakabaki uwazi. Uwazi huo mimi ndio ninaoutazama mwanzo, hata kabla ya mnara. Pengo la meno halifichiki.

Sura ya mwisho ya jumba hilo tunaijua sote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara. Picha tulizopiga kwa simu tukiwa tunakula urojo Forodhani sasa nazo ni nyaraka, usizifute.

Shahidi wa pili ninampenda zaidi, kwa sababu yuko majini. Siku ile ile ya mizinga, meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa mbele ya kasri. Haikuzama ikapotea, maana maji hapo si marefu. Milingoti yake ilibaki imechomoza kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Ukiona milingoti mitatu imesimama baharini bila chombo chini yake, usihangaike tena: picha ni ya kati ya 1896 na 1912. Watu wengi huikata sehemu hiyo wanapoweka picha mtandaoni, eti bahari tupu haina maana. Ndiyo maana nasema kila mara, ukiomba nakala omba picha nzima na kingo zake, hata kama pembeni kuna doa tu.

Wapo na mashahidi wadogo. Dispensari ya zamani pale Mizingani, ile yenye roshani za nakshi ambazo kila mgeni huzipiga picha, iliwekewa jiwe la msingi mwaka 1887 kwa gharama za tajiri Tharia Topan, ikamalizika 1894, mwenyewe akiwa ameshafariki. Reli za treni ya Bububu zikionekana mbele ya Ngome, hapo si kabla ya 1905. Bustani ya Forodhani yenye kibanda cha bendi ikionekana, si kabla ya miaka ya 1930. Bendera nyekundu ya Sultani ikipepea, si baada ya Januari 1964. Maji ya Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari nyuma ya mji, yakiwa bado yanaingia Darajani, basi barabara ya Creek Road, ambayo leo ni Benjamin Mkapa, haijawa kama ulivyoizoea.

Sasa kuhusu uongo wa picha. Mhuri wa posta si umri wa picha. Postikadi ilitumwa 1910, sawa, lakini wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na studio mjini, akina Gomes, Coutinho na Pereira de Lord, walihifadhi negativu zao za kioo na kuzichapa tena na tena kadiri wateja walivyotaka. Mhuri unakwambia tu kwamba picha haikupigwa baada ya siku hiyo. Mgongo wa kadi husaidia kidogo zaidi. Zamani upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, na mtu akitaka kusalimia ilibidi abanie maneno kwenye ukingo wa picha. Uingereza iliruhusu mgongo wa kugawanywa mara mbili mwaka 1902, Ujerumani 1905. Ukiona salamu zimeandikwa juu ya mawingu, kadi hiyo huenda ni ya zamani kidogo.

Rangi ndiyo kabisa usiiamini. Kadi nyingi zilipakwa rangi na watu walioketi Ulaya, hawajawahi kuiona Zanzibar hata kwa ndoto. Nimeona Ngome ya waridi. Nimeona minazi yenye majani ya buluu. Niliwahi kubishana na binamu yangu wiki nzima kama madirisha ya nyumba fulani yalikuwa ya kijani, kumbe tulikuwa tunabishania brashi ya Mjerumani.

Turudi Malindi. Kwetu ilisemwa daima kwamba nyumba ile ilijengwa na babu mkuu wakati wa Barghash, ghorofa tatu kama ilivyo leo. Hakuna aliyeuliza. Kisha nikapata picha iliyopigwa kutoka juu, kwa kukisia kwangu kutoka Beit al-Ajaib, kuelekea Malindi. Kushoto bahari, na ndani ya bahari milingoti ya Glasgow. Mbele kidogo ile dispensari. Nikahesabu mapaa kuanzia hapo, nikitumia lenzi ya fundi saa niliyoazima kwa jirani, mpaka nikaifikia yetu. Madirisha manne upande wa njia, nafasi kati yao ile ile ninayoijua tangu utotoni. Lakini ghorofa zilikuwa mbili. Juu yake paa bapa, na nguo zimeanikwa.

Nilidhani nimekosea nyumba, na hapo ndipo madirisha yaliponisaidia. Usilinganishe rangi wala mlango, maana mlango wa nakshi huuzwa, huhamishwa, hata huibwa. Linganisha mashimo. Vyumba vya nyumba zetu vina upana unaotegemea urefu wa boriti, hauzidi mita tatu hivi, na ukuta mnene wa mawe haubomolewi kwa mchezo, kwa hiyo mpangilio wa madirisha hudumu kuliko kila kitu. Nilichora madirisha ya leo kwenye karatasi, nikaweka mchoro kando ya picha. Yakalingana. Picha nyingine, kutoka karibu mahali pale pale, ina gari barabarani na haina milingoti, na hapo nyumba yetu ina ghorofa tatu na paa la bati.

Nilipomwonyesha shangazi, hakushtuka hata kidogo. "Ghorofa ya juu ni ya baba yangu," akasema. "Aliijenga alipooa mara ya pili, bi mkubwa akakataa kukaa sakafu moja na mwenzake. Hamkuniuliza."

Basi na huo ni ushauri, na pengine ndio ulionigharimu muda mwingi zaidi: anza kwa wazee, halafu nenda kwenye makabati. Ila usiende mikono mitupu ukauliza "nyumba hii ilijengwa lini?" Utapewa jibu la heshima lisilo na kitu. Mpelekee picha, iwe imechapwa kubwa, ukae kimya. Mzee akishaona mtu mmoja anayemjua barazani atakutajia nyumba zote za mtaa, nani alipanga, nani aliuza, wikio lililounganisha nyumba mbili juu ya njia lilivunjwa kwa ugomvi gani. Na usiombe kuondoka na albamu. Ipige picha palepale, karibu na dirisha lakini si juani, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Picha usiitoe kwa nguvu kwenye gundi. Usiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino. Jina na tarehe viandike kwenye bahasha kwa penseli. Joto na chumvi ya pwani yetu vinatosha kuziharibu, hatuna haja ya kuvisaidia kwa selotepu.

Makabati nayo yapo. Nyaraka za Taifa pale Kilimani wana picha na ramani, na wahudumu wanajua mengi kuliko katalogi. Nenda asubuhi, na nambari ya kila picha uliyoiona iandike siku hiyo hiyo. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni hazina kwa miaka ya katikati ya karne iliyopita, na ukitaka nakala nunua, usiibe kwa simu. Kwa walio mbali, Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago kimeweka mtandaoni mkusanyo wa Winterton, wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Maelezo yake ya Kiingereza huwa yanakosea majina ya mitaa mara moja moja, kwa hiyo tafuta kwa tahajia tatu nne.

Kisha kuna hati, ambazo kwa bahati mbaya watu huziogopa kwa sababu zinanuka mirathi. Ukiweza kuziona bila kuanzisha vita nyumbani, zitazame. Hati ya zamani, ya mauzo au ya wakfu, haitaji nambari ya nyumba. Inasema kusini nyumba ya fulani, mashariki njia, kaskazini kiwanja cha fulani. Yaani karani wa zamani naye aliieleza nyumba kwa majirani zake! Hati yetu inataja "kiwanja" upande wa kaskazini, na katika ile picha ya milingoti kweli pana uwanja mtupu wenye mbuzi wawili, mahali ambapo leo pana nyumba ya ghorofa mbili. Hapo ndipo nilipopata uhakika kwamba sikukosea paa.

Kidogo kuhusu kuitangaza kazi yako. Ukiweka picha mtandaoni, andika kati ya mwaka gani na mwaka gani, na sababu: "1896 hadi 1912, kwa milingoti." Mwenye kubisha atabisha sababu, hatakubishia wewe. Taja uliipata wapi. Na kama ndani yake wamo wanawake wa familia ya watu, tena nyumbani mwao, omba ruhusa kwanza. Mimi ninayo picha moja nzuri kuliko zote nilizonazo, na haitaonekana na mtu.

Wiki iliyopita nilimpelekea shangazi nakala mpya ya ile ya kutoka juu, safi zaidi, nimeikuza mara nne. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya paa letu, akakisogeza kidogo kulia, kwenye nguo zilizoanikwa.

"Hizi si kwetu," akasema. "Hapa ni paa la jirani. Sisi tulikuwa tunaanika uani."

Nimeirudisha picha mezani, na lenzi ya fundi saa bado sijairudisha kwa mwenyewe.