Kabla hujaandika vidonge vya chuma: kwa mnaoanza kazi Ireland

Sisi tuliosomea udaktari Afrika Mashariki tumezoea adui mmoja, upungufu wa damu. Mgonjwa akisema anachoka, mkono unakwenda wenyewe kuandika vidonge vya chuma. Ukianza kazi kwa daktari wa familia huku Ireland, uzuie kwanza mkono huo. Hapa takriban mtu 1 kati ya 83 amerithi kwa baba na kwa mama hitilafu ya jeni ya HFE iitwayo C282Y, kiwango kikubwa kuliko popote duniani. Hitilafu hiyo huleta hemokromatosisi, ugonjwa wa chuma kuzidi mwilini. Si wote wataugua, lakini utawaona.

Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Kinachopotea kwa siku ni miligramu moja au mbili. Utumbo wa watu hawa unafyonza zaidi, miaka nenda rudi, na ziada inajikusanya kwenye ini, kongosho, moyo na maungio ya mifupa. Wanawake hedhi huwakinga, kwa hiyo wengi hujitokeza ikishakoma.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mkulima wa miaka hamsini na ushei. Alilalamika uchovu, akanionyesha ngumi: vifundo vya kidole cha shahada na cha kati vimevimba, hata ndoo haishiki vizuri. Nikasema ni kazi za shamba. Ferritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, ikarudi mikrogramu 1,300 kwa lita, nikasema ni pombe, apunguze. Nesi wa pale, mama wa makamo, ndiye aliyeniuliza: "Daktari, ndugu zake je?" Kumbe kaka yake alikufa kwa ugonjwa wa ini. Tukapima kiwango cha transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma: asilimia 84. Niliona aibu.

Ferritini peke yake inadanganya. Hupanda kwa uvimbe wowote mwilini, kwa pombe, kwa mafuta kwenye ini. Kipimo cha transferini ndicho kinachokutoa gizani: kikipita asilimia 45, rudia mgonjwa akiwa hajala, na ferritini nayo ikiwa juu, omba kipimo cha jeni. Ferritini ikipita 1,000, mpeleke kwa bingwa wa ini, maana ini huenda limeanza kuwa na makovu. Pima sukari pia. Na wanaume waulize habari za nguvu za kiume, wenyewe hawasemi.

Dawa ni kutoa damu, basi. Chupa moja, mililita 450 hadi 500, inaondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Kila wiki, ukiangalia himoglobini kila mara, mpaka ferritini ifike karibu 50; kisha kila baada ya miezi michache, maisha yote. Usimtese kwa masharti ya chakula. Mkataze vidonge vya chuma na vya vitamini C, pombe apunguze sana, na chaza wabichi awaache kabisa, kwani wana bakteria wanaoweza kumuua.

Ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuirithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama. Waite wapimwe.

Mwafrika mwenzetu ukimkuta na ferritini juu, usikimbilie C282Y, ni nadra kwetu. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi humtoi damu. Anahitaji dawa za kuondoa chuma.

Mkulima wangu uchovu ulimwisha baada ya miezi kadhaa. Vifundo bado vinamuuma, kwa sababu maungio mara nyingi hayarudi hali yake. Hilo sikumwambia mwanzoni, akanilaumu. Wewe mwambie kabla ya chupa ya kwanza.