Ukinunua Singer ya zamani, rangi yake iache kama ilivyo

Kabla hujatoa hela yako kununua cherehani ya zamani naomba tuelewane kitu kimoja: chuma cha Singer hakifi kirahisi, kinachokufa ni ile rangi nyeusi na maua ya dhahabu yaliyobandikwa kiwandani, na mara nyingi anayeyaua ni yule yule anayesema anaikarabati. Mi nakusanya cherehani za mkono na za kukanyaga hapa Dodoma kwa miaka sasa, nyingine nimezitoa Kondoa, nyingine Mpwapwa, Kongwa, hadi Manyoni huko, na kinachoniuma kuliko vyote ni kukuta mashine ya miaka ya 1920 imepigwa msasa mwili mzima ikapuliziwa rangi ya gari, mwenye nayo anaionyesha kwa furaha kabisa kwamba sasa imekuwa mpya. Itashona vizuri tu, sikatai, ila kwa mkusanyaji imeshapoteza kile kilichofanya aitafute, na hakuna fundi wa kukurudishia.

Sisi wa kanda ya kati tuna bahati yetu. Mvua ni za msimu mmoja, zinaanza kama Desemba hivi mpaka Aprili, miezi mingine yote ni hewa kavu, kwa hiyo mashine iliyozeekea Chamwino au Bahi inakuwa na kutu kidogo sana ukilinganisha na iliyokaa Tanga au Bagamoyo karibu na chumvi ya bahari. Matatizo ya huku ni mengine: vumbi, mchwa kwenye meza, na mafuta ya alizeti. Hili la alizeti nitalirudia maana ndo linalofanya watu wauze mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu.

Pa kununua. Minadani kama Msalato unaweza kubahatisha, na kwa mafundi wazee wa Majengo pia, ila mashine nzuri nyingi ziko majumbani kwa watu, zimefunikwa kitenge pembeni ya kabati. Faida ya za majumbani ni kwamba droo inakuwa bado na vitu vyake, bobini (kile kidude kinachozungushiwa uzi wa chini), visindano, bisibisi ndogo, saa nyingine hata kitabu cha maelekezo. Sasa ukifika usianze na bei. Shikamoo bibi, kaa chini, pokea maji unayopewa, muulize aliipata wapi na alishonea nini. Bibi mmoja wa Mpwapwa aliniambia "hii mjukuu wangu ndo iliyosomesha baba zenu, usije ukaenda kuipima kilo," na alikuwa na haki ya kuogopa kwa sababu wanunuzi wa chuma chakavu wanapita mtaa kwa mtaa na miguu ya zile za kukanyaga ni mizito, inawavutia. Andika anachokwambia. Alafu kitu kingine, kama anayekuuzia ni kijana hakikisha mwenye mashine yuko hai na anajua, na kama ameshafariki familia imekubaliana, na mwandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa mpigiwe muhuri. Cherehani ya marehemu bibi ina watoto wengi wenye nayo, na ugomvi wa ndugu hautakiwi uingie nyumbani kwako kupitia mashine.

Halafu kuna hili la mercury, naomba tulimalize. Kuna watu wanaamini Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani ya sindano au mwilini na kwamba kuna tajiri mahali analipa mamilioni. Mwaka 2009 uvumi huu uliikumba Saudi Arabia, watu walinunua mashine kuukuu kwa bei za ajabu, na walikuwa wanazipima kwa kusogeza simu karibu na sindano eti mawasiliano yakikatika basi zebaki imo. Hakuna zebaki humo. Nimezifungua mpaka skrubu ya mwisho na kilichomo ni chuma, mafuta na uchafu wa nyuzi. Muuzaji akikutajia milioni kwa sababu ya mercury mshukuru uondoke kwa heshima, ukibishana naye ataona unamficha dili.

Na wala uzee peke yake haufanyi mashine iwe adimu. Kiwanda cha Singer cha Clydebank kule Uskoti kilifunguliwa 1885 kikafungwa 1980, na mwaka 1913 peke yake kilitoa mashine zaidi ya milioni 1.3. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ya mkoloni, iko moja tu Tanzania" we angalia siriali namba yake, iko kwenye kitako upande wa kulia chini ya nguzo. Herufi F, J, S au Y ni za Clydebank, na zile zinazoanza na E ikifuatiwa na herufi nyingine ni za huko huko kuanzia mwaka 1935. G ni ya New Jersey, Marekani. Namba tupu bila herufi ni kabla ya 1900, hapo sawa, moyo unaruhusiwa kudunda. Kwenye modeli kama 15K au 99K ile K ni ya Kilbowie, eneo la Clydebank kilipokuwa kiwanda. Chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa cherehani, ISMACS, kina orodha za namba hizi mtandaoni bure, unaingiza namba kwenye simu ukiwa hapo hapo uani kwa muuzaji.

Kama ndo unaanza nakushauri tafuta modeli ya 15. Butterfly za Kichina zilizojaa mjini zimeigwa kutoka kwenye hiyo, kwa hiyo bobini na kesi yake unazipata kwa fundi yeyote. 66 na 99 ni tamu kushonea, bobini inawekwa kwa juu, lakini vipuri vyake huku ni vya kutafuta. 27, 28, 127 na 128 ni za kizamani zaidi, bobini yake ni ndefu nyembamba na inakaa ndani ya kichuma chenye umbo la risasi kinachoenda mbele na nyuma. Kama hicho kichuma hakipo, punguza bei sana au iache.

Ukaguzi wenyewe naufanya hivi. Kwanza natazama kama iko kamili kabla sijatazama uzuri: kesi ya bobini, vibati vya kutelezesha vinavyofunika chini ya sindano, mguu wa kukandamiza nguo, springi ndogo ya kwenye tensheni, pale uzi unapokazwa. Vibati ndo vinapotea kuliko vitu vyote. Kisha nazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, kuja upande wangu, nasikiliza. Ikizunguka kwa uzito wa sawa sawa ni uchafu tu huo, inasafishika. Ikigonga sehemu moja kila mzunguko kuna kitu kimepinda au kimevunjika. Nashika mkono wa sindano nautikisa pembeni, ukicheza sana imeshachoka. Naangalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimetafunwa ujue imepita mikononi kwa mtu wa bisibisi moja kwa kazi zote. Ukiikuta imekwama kabisa usiogope, ila usimruhusu mtu aiforsi mbele yako.

Kuibeba ni kazi yake. Kichwa kitoe kwenye meza, kuna skrubu mbili nyuma kwenye bawaba, kifunge kwa sponji la godoro. Miguu ya chuma ile ni chuma cha kusubu, haipindi, inakatika, na mafundi wa welding wengi wakiunga kwa vijiti vya kawaida inapasuka pembeni ya kiungo. Barabara ya vumbi yenye matuta ya Kongwa na bodaboda haviendani na miguu hii, lipia nafasi kwenye gari.

Sasa kusafisha, hapa naomba usome polepole. Yale maandishi na maua ya dhahabu ni utando mwembamba sana uliobandikwa juu ya rangi nyeusi, kisha ukapakwa shelaki, aina ya vanishi, kwa juu. Shelaki inayeyuka kwa spiriti. Ukipitisha kitambaa chenye spiriti mara moja tu umeondoka nayo, na maandishi yanafuata. Sabuni kali na dawa za vioo zenye amonia ni hivyo hivyo. Mwili wa nje unasafishwa kwa mafuta meupe ya cherehani na kitambaa laini cha pamba, fulana ya zamani inatosha, unazungusha kidole polepole, unabadilisha kitambaa, unarudia kesho. Dhahabu ikianza kugeuka rangi ya fedha simama hapo hapo, maana yake kinga imeisha na umeshaanza kuila yenyewe. Vyuma vinavyong'aa vimepakwa nikeli, usivipige msasa, Brasso kidogo kwa kitambaa inatosha.

Ndani ndo pa mafuta ya taa. Mtu akikosa mafuta ya cherehani huku anaweka ya alizeti ya jikoni, kwa sababu yapo na ni ya bei nafuu, tunalima wenyewe. Shida ni kwamba mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa yanakauka yanageuka gundi ya kahawia, changanya na vumbi la Dodoma, miaka ikipita gurudumu haligeuki kabisa na fundi anasema mashine imekufa. Haijafa. Iweke kichwa juani mchana ipate moto, dondoshea mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila kiungo, bila kuyamwaga nje kwenye rangi, iache usiku, kesho tikisa gurudumu kidogo kidogo mbele nyuma, dondoshea tena. Inaweza ikachukua wiki. Ikiachia, futa mafuta ya taa yote na weka ya cherehani, kwa sababu ya taa hayalainishi chuma. Bisibisi yako iwe na upana sawa na mfereji wa skrubu, ichonge kwa tupa kama haitoshi. Na ukifungua nati ya kwenye gurudumu, piga picha ile washa ya ndani, kipete bapa chenye vimasikio, kabla hujaitoa, ukiirudisha kinyume gurudumu halitashika.

Ikizunguka lakini haishoni, kabla hujagusa kitu chochote badilisha sindano. Modeli ya 15 uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ule mfereji mrefu wa sindano unaangalia kulia na upande bapa kushoto. 66 na 99 ni kinyume chake. Sijui ni mashine ngapi zimeuzwa kwa hasara huku kwa sababu ya sindano iliyogeuzwa, lakini mi mwenyewe nimezinunua za hivyo na zikashona jioni ile ile.

Meza iliyoliwa na mchwa tengeneza nyingine ya mninga ukiweza, lakini droo za zamani zikiwa nzima zihamishie humo. Mkanda wa ngozi mpya utalegea baada ya siku chache za kukanyaga, ukate kidogo ufunge tena.

Na kama nyumbani kwenu Kondoa au Mpwapwa kuna kile kichuma cha umbo la risasi kimelala kwenye kopo la misumari, msikitupe jamani, ninayo 28 nzima yenye maua yake yote inakisubiri.